Kwadi (droni ya mota nne) ya inchi 5 inageuka ghafla nikikanyaga mafuta. Ni mota, ESC (kidhibiti cha mota) au betri?

#1 Propela_Tatu
Wakuu, heshima kwenu. Naomba macho ya waliozoea kufunga hizi mashine.

Vifaa: fremu ya inchi 5 yenye mikono ya milimita 5, mota 2207 za 1950KV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), ESC ya nne kwa moja ya ampea 50 yenye programu ya Bluejay 48 kHz, ubongo F405 (ubao unaoongoza mota) wenye jairo (kihisi cha mzunguko) ya BMI270, programu ya Betaflight 4.5, risiva ya redio ya ExpressLRS, propela 5.1 x 4.3 za panga tatu, betri 6S (seli 6) 1300mAh. Ikiwa na betri ina gramu 690.

Tatizo: ikielea imetulia, ikikimbia mwendo wa kawaida haina neno. Nikitoka throto (mafuta) ya chini, tuseme asilimia 20, nikapandisha kwa mkupuo hadi 80 au zaidi, inainamia kona ya mbele kulia, inazunguka kulia kama pia na kuja chini. Hutokea zaidi pale ninapomaliza mbizi na kuinua. Kuna wakati inajirekebisha yenyewe kabla ya kugusa ardhi. Propela ni mpya, skrubu za mikono zimekazwa, mota hazichemki. Mimi nasema ni betri, zimechoka. Nyie mnasemaje?

#2 Nyuki_Dume
Nafuatilia. Weka picha ya lehemu za ESC mkuu, bila picha tutapiga ramli tu.

#3 Mzee_wa_Volti
Si betri. Betri ikichoka inawanyima umeme mota zote nne, mashine inazama nzima nzima. Yako inaangukia kona moja ileile. Hiyo ni mota namba 2 (ya mbele kulia) kupoteza hesabu, wengi wanaita disinki.

ESC haina jicho la kuona sumaku ziko wapi. Inakisia kwa kusoma volti inayorudishwa na koili ile ambayo kwa wakati huo haijapewa umeme. Mizunguko ikiwa midogo, volti hiyo ni ndogo sana na kelele zinaifunika. Ukitoka chini na kuruka juu ghafla, ESC inasukuma koili isiyo sahihi, mota inajikwaa, inasimama au inatikisika tu. Zile tatu zinaendelea kusukuma, unapata huo mzunguko. Na ndiyo maana inakupata baada ya mbizi: throto iko chini, mota zimelala, halafu unazishtua.

Dawa: fungua ESC Configurator (programu ya kuseti ESC), weka Demag Compensation (kinga ya disinki) kwenye High, pandisha timing (wakati wa kubadili koili) kutoka 15 hadi 22.5. Kwenye Betaflight washa dynamic idle, anza na 35, maana yake mizunguko isishuke chini ya 3,500 kwa dakika. Maliza hayo kwanza ndiyo tuongee mengine.

#4 Kipanga_254
Sema uko wapi kwanza. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mota zinabeba mzigo mkubwa zaidi. Mashine iliyosetiwa Mombasa ikifika huku inaanza vituko kama hivyo.

#5 Propela_Tatu
Niko Dar mkuu, usawa wa bahari kabisa.

#6 Kipanga_254
Basi nimeishiwa, ngoja waje wengine.

#7 Kinyozi_wa_Majani
Mzee_wa_Volti umekimbilia haraka namba 2. Tuanze na mwelekeo. Kwa mpangilio wa kawaida wa Betaflight, namba 1 (nyuma kulia) na 4 (mbele kushoto) zinazunguka kufuata saa, 2 (mbele kulia) na 3 (nyuma kushoto) kinyume cha saa. Mwili wa mashine siku zote unageukia kinyume cha propela zenye nguvu zaidi. Namba 2 ikifa, ubongo unapunguza na namba 3 ili isipinduke, zinabaki 1 na 4 zinazofuata saa, kwa hiyo mwili unazunguka KUSHOTO. Jamaa anasema inazunguka kulia. Ama hajaangalia vizuri, ama propela zake zimegeuzwa, ama si namba 2.

#8 Propela_Tatu
Zimegeuzwa. Za mbele zinatupa nyasi nje, si kuelekea kwenye kamera, na swichi ya kugeuza nimeiweka kwenye Betaflight.

#9 Kinyozi_wa_Majani
Hapo sawa, kulia inakubali. Kona ni namba 2. Ila kona kufa na ESC kupoteza hesabu si kitu kimoja. Kona inaweza kufa kwa mambo kama saba.

#10 Fundi_Risasi
Na la kwanza katika hayo saba ni lehemu. Waya wa mota una nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Ukitumia chuma cha kulehemia cha wati 30 kwenye ESC ya 6S, ule ubao unanyonya joto lote, risasi inayeyuka juu tu na chini haijashika. Kwa macho inang'aa vizuri. Ikielea mota inakula ampea chache, kiungo kinavumilia. Ukikanyaga mafuta mota moja inaweza kuvuta zaidi ya ampea 30, kiungo kinapata moto, ukinzani unapanda, awamu moja inapotea. Mota ya awamu tatu ikikosa moja haina nguvu ya kujizungusha tena kwa mkupuo.

Namna ya kukagua: toa betri, shika waya mmoja mmoja kwa kibano karibu kabisa na padi, uusukume pembeni. Padi na waya viende pamoja. Ukiona ufa mwembamba wa duara unaouzunguka waya, umeshaupata. Kulehemu upya: fluksi kwanza, chuma cha wati 60 au zaidi chenye ncha bapa, nyuzi joto 380 hivi, risasi ya 63/37. Pasha padi na waya pamoja, risasi iingie yenyewe, toa chuma, usitikise mpaka ipoe. Isizidi sekunde 3 hadi 4 kwa padi moja, la sivyo padi inang'oka na ubao umekwisha.

#11 BintiLipo
Mnamwonea mwenye uzi, betri hamjaipima hata kidogo. Chaja nzuri inaonyesha ukinzani wa ndani wa kila seli. Pakiti nzuri ya 1300mAh inacheza kwenye miliomu 4 kwa seli, iliyochoka inafika 12 na kuendelea. Piga hesabu: seli 6 mara 12 ni miliomu 72. Vuta ampea 80, unapoteza volti 5.76. Betri iliyojaa ya 25.2 inakuwa 19.4 ndani ya kufumba na kufumbua. Ile mpya yenye miliomu 4 inapoteza 1.9 tu.

Mota ya 1950KV bila mzigo ina ukomo wa mizunguko 49,000 kwa volti 25.2. Kwa 19.4 ukomo unashuka hadi 37,800. Ubongo unaomba mizunguko ambayo haipo. Kona yenye mota dhaifu kidogo kuliko wenzake ndiyo inayosalimu amri kwanza. Kwa hiyo hoja ya "zote zinalegea sawa" haishiki, mota nne hazijawahi kuwa sawa.

Na hiyo namba 100C iliyochapwa kwenye ganda msiipe uzito. 100C kwa 1300mAh ni ampea 130 mfululizo, pakiti ingeisha ndani ya sekunde 36 na kuvimba juu yake.

#12 Mzee_wa_Volti
BintiLipo hesabu yako sina ugomvi nayo, ila mota dhaifu kidogo inakufanya uyumbe, haikuzungushi. Ubongo una nafasi ya kupunguza zile tatu ili zilingane na dhaifu.

Ila umenikumbusha kitu, hatujamuuliza kapasita. Mota zinapofunga breki zinarudisha umeme kwenye waya wa betri, na mishtuko ya volti inaruka juu ya volti ya betri yenyewe. Betri iliyochoka haiwezi kuimeza. Kwa 6S weka mikrofaradi 1000 ya volti 35, ile ya ukinzani mdogo, miguu mifupi kadiri inavyowezekana, ilehemiwe moja kwa moja kwenye padi za betri za ESC. Mstari mweupe ni hasi. Ukigeuza inalipuka usoni. Propela_Tatu unayo?

#13 Propela_Tatu
Ipo, ila imesimama juu ya waya wa XT60 (plagi ya betri), kama sentimita 4 kutoka kwenye ESC. Nimeifunga kwa kamba ya plastiki.

#14 Mzee_wa_Volti
Sentimita 4 unapoteza sehemu nzuri ya kazi yake. Halafu itikise kwa kidole, miguu ya kapasita iliyoning'inia hukatika ndani ya ganda na nje huoni kitu.

#15 Jairo_Tuli
Ndugu zangu, ubongo wa F405 karibu wote una chipu ya kuhifadhi logi na nyie mnabishana kwa hisia. Washa Blackbox (kinasa logi cha Betaflight), futa chipu, ruka, rudia kosa, teremsha logi, fungua kwenye Blackbox Explorer. Weka mistari mitatu pamoja: amri inayokwenda kwa kila mota, mizunguko halisi ya mota (4.5 inaiandika kama DShot ya pande mbili, yaani ESC kuripoti mizunguko kwa ubongo, imewashwa), na volti.

Amri ya kona iko juu na mizunguko yake inaporomoka: ESC imepoteza hesabu, au lehemu, au kitu kinasugua. Amri iko juu, mizunguko nayo inapaa kupita mota nyingine zote, na bado kona inazama: hapo mota inazunguka bila mzigo, propela inateleza chini ya nati au panga imeondoka. Hiki watu wanakisahau sana, na kwa macho kinafanana kabisa na disinki. Amri za zote nne zikishuka pamoja, ni redio imekatika, na mashine ingeanguka wima bila kuzunguka. Logi ikikatika na kuanza faili jipya hewani, ubongo wenyewe ulikosa umeme. Jairo ikianza kurukaruka KABLA amri hazijabadilika, acha mota, kagua raba za ubongo na skrubu zake.

Kuhusu kujirekebisha yenyewe: Betaflight ina kinga dhidi ya kuzunguka. Mzunguko ukipita kiwango, inaacha kusikiliza stiki na kushughulikia kuusimamisha tu. Kwa hiyo kurudi kwake hakuthibitishi kwamba mota imepona.

#16 Nyuki_Dume
Na ukiitoa logi kwenye jedwali angalia motor[2], ndiyo mota yako namba 2.

#17 Jairo_Tuli
Hapana Nyuki, kwenye jedwali ghafi hesabu inaanzia 0. Mota namba 2 ni motor[1]. Ukisoma motor[2] unaangalia kona ya nyuma kushoto na utashinda kutwa.

#18 Nyuki_Dume
Nimekaa pale 😄

#19 Skrubu_M3
Kabla ya logi, toa propela na skrubu za mota 2. Zipime. Mkono wa milimita 5 unataka M3x8, zinaingia milimita 3 ndani ya mota. Mtu akiweka M3x10 ncha inafika kwenye shaba ya koili. Ikiwa imegusa varnishi tu bila kuikata, mota inazunguka vizuri mezani. Ikipata moto na mtetemo, inagusa fremu ya kaboni (kaboni inapitisha umeme, msisahau) na ESC inachanganyikiwa.

Kipimo: weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wowote wa mota, nyingine kwenye skrubu za mota. Isilie. Ikilia, mota hiyo ni ya kutupa au kusukwa upya. Msijaribu kupima ukinzani wa koili zenyewe kwa mita ya kawaida, uko chini mno, utakuwa unasoma waya za mita.

Pia shika kofia ya mota (sehemu ya nje inayozunguka), uivute juu na chini. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Ikisikika "tak" au ikiwa inasugua ukizungusha kwa kidole, angalia skrubu ya shafti chini na gundi ya sumaku. Mnaorukia ufukweni mna balaa lenu, ule mchanga mweusi una chuma na unaganda kwenye sumaku. Kuupuliza hautoki. Tumia utepe wa gundi au udongo wa kuchezea wa watoto, ubonyeze na kuvuta.

#20 Hesabu_Tupu
Narudi nyuma kidogo, post namba 4 isiachwe ikapita. Kipanga_254, hewa nyepesi haiongezi mzigo kwenye shafti. Kwa mita 1,800 hewa ina takriban asilimia 84 ya uzito wa hewa ya pwani. Ili uelee unahitaji msukumo uleule, kwa hiyo propela inazunguka zaidi kwa asilimia 9 hivi, lakini nguvu ya kusokota shafti inabaki ileile. Umeme unaotumika unapanda kwa hiyo 9. Na ukikanyaga mafuta yote, propela ya Nairobi inavuta ampea CHACHE kuliko ya Dar, kwa sababu inakata hewa pungufu. Kama ni disinki, Dar ndiko kubaya zaidi.

#21 Kipanga_254
Mkuu nilishasalimu amri, umenifuata hadi mlangoni. Ila PID (mipangilio ya ubongo ya kujirekebisha) za pwani huku zinalegea, hilo hulipingi.

#22 Hesabu_Tupu
Hilo silipingi. Mshiko wa propela kwenye hewa ni mdogo, kwa hiyo P na D zilizokaa sawa pwani zinaonekana laini huko juu. Ni jambo tofauti na mota kufa.

#23 Propela_Tatu
Mrejesho. Skrubu ni M3x8, mita hailii popote. Kofia ya mota 2 haina mchezo. Miguu ya kapasita mizima. Nimehamisha mota 2 nikaiweka kona ya 4 na ya 4 nikaileta kona ya 2, nikalehemu zote upya. Pakiti ya kwanza safi kabisa, nimekanyaga mafuta kila namna. Pakiti ya pili, ikiwa imeshuka kama volti 3.7 kwa seli, imerudi: sasa inaangukia mbele kushoto. Lakini mwishoni mwa pakiti hiyohiyo ikaangukia tena mbele kulia.

#24 Mzee_wa_Volti
Kosa limemfuata mota. Mota hiyo haielewani na ESC.

#25 Fundi_Risasi
Limemfuata mota LAKINI pakiti ya kwanza ilikuwa safi baada ya kulehemu. Na mota ile imekwenda na waya zake zilezile. Nyuzi za shaba zikikatika ndani ya ganda pale zinapotoka kwenye mota, tatizo linasafiri nazo. Kunja waya wa mota kwa vidole pale chini, ukilegea sehemu moja kuliko nyingine, nyuzi zimekatika.

#26 BintiLipo
Mbona hamsomi alichoandika? Limerudi betri iliposhuka 3.7. Na safari ya mwisho limepiga kona zote mbili. Mota gani hiyo iko sehemu mbili kwa wakati mmoja?

#27 Jairo_Tuli
Jaribio lenyewe limechanganyika. Umebadilisha mota na lehemu kwa pamoja, sasa hatujui kilichosaidia pakiti ya kwanza ni kipi. Ilitakiwa kulehemu bila kuhamisha, kuruka pakiti mbili, ndipo kuhamisha. Sasa bila logi hatutoki hapa.

#28 Kinyozi_wa_Majani
Na ushushe PWM (kasi ya kukata na kuwasha umeme wa mota) ya Bluejay iwe 24 kHz. 48 inakupa dakika kidogo zaidi hewani na mlio laini, ila kwa inchi 5 breki na nguvu ya mizunguko ya chini inapungua. Hapo ndipo inapokuangusha.

#29 Mzee_wa_Volti
24 sikatai, lakini usimwambie mtu abadilishe kila kitu kwa mpigo. Halafu anayeandika Bluejay upya asome jina la layout (mpangilio wa ubao wa ESC) lililopo, mfano Z-H-30, na alirudie lilelile. Ukiweka lisilo lako unaunguza transista mara tu unapochomeka. Na hata kama una uhakika, chomeka kwanza kupitia balbu. Kwa 6S tumia balbu ya lori ya volti 24, wati 21. Ya gari dogo ya volti 12 itapasuka. Balbu ikimweka kidogo na kuzima uko salama, ikiwaka moja kwa moja chomoa, kuna shoti.

#30 Mwanafunzi_wa_Anga
Samahani kuingilia. Je nikiifunga mashine kwenye meza na propela zake nikapandisha throto mezani si nitaona mota gani inakufa?

#31 Skrubu_M3
USIFANYE. Propela ya inchi 5 ya 6S inachana mfupa wa kidole, na kamba za plastiki zinakatika. Juu ya yote hutaona kitu, mashine iliyofungwa inafanya ubongo urundike marekebisho mpaka mota zinakwenda ukomo zenyewe. Mezani propela nje, kila mara, hata kama unaunganisha kompyuta tu.

#32 Mwanafunzi_wa_Anga
Nimeelewa, asante. Na umeme ukikatika mnachajije 6S?

#33 BintiLipo
Betri ya gari. 1300mAh kwa 1C ni ampea 1.3, mara volti 25 ni wati 33. Kwenye betri ya volti 12 unavuta ampea 3 hivi ukihesabu upotevu. Gari lenyewe liwe limezimwa, na usimalize betri ukashindwa kuwasha. Pakiti isiyoruka leo wala kesho iache 3.8 kwa seli, usiiache imejaa.

#34 Kipanga_254
Kwenye ndege je? Kuna mtu anatoka Muscat wiki ijayo anataka kuniletea nne.

#35 BintiLipo
Kwenye begi la mkononi, si la chini. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 kwa pakiti bila kuomba idhini, na 6S 1300 ni volti 22.2 mara 1.3, kama Wh 29. Mdomo wa XT60 ufungwe utepe, kila moja kwenye mfuko wake, ziwe kwenye chaji ya 3.8. Idadi inategemea shirika, aulize kabla. Na KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) wanataka kibali cha kuingiza mashine yenyewe, hilo lishughulikie mapema, kama huku kwetu Tanzania na TCAA.

#36 Jairo_Tuli
Za betri na vibali fungueni uzi wenu. Propela_Tatu, logi.

#37 Propela_Tatu
Ninayo. PWM nimeacha 48, timing 22.5, demag High, dynamic idle 35. Betri ileile. Mota iliyokuwa ya 2 bado iko kona ya 4.

Tukio la kwanza: natoka kwenye mbizi, amri ya mota 4 inakwenda 100, mizunguko yake inaporomoka karibu na sifuri kwa kama milisekunde 80, inarudi. Wakati huohuo volti imetoka 22.8 hadi 17.9.

Tukio la pili, dakika moja baadaye: mota 2, amri 100, mizunguko inapanda juu ya zote tatu, na kona inazama vilevile. Volti hapo 19.6.

Kosa la DShot kwenye ukurasa wa mota ni 0.00 kwa zote.

#38 Mzee_wa_Volti
Tukio la kwanza ni disinki ya kitabuni. Asanteni kwa kuja.

#39 BintiLipo
17.9 ni chini ya volti 3 kwa seli! Pakiti yoyote inayofanya hivyo ni ya jalalani. Hata ESC ya malaika itapoteza hesabu.

#40 Mzee_wa_Volti
Umegeuza farasi na mkokoteni. Mota ikikwama huku ESC inaendelea kusukuma, yenyewe ndiyo inavuta ampea za kutisha. Volti imeshuka KWA SABABU mota imekwama.

#41 BintiLipo
Basi angalia kipi kimeanza.

#42 Jairo_Tuli
Hamtaweza. Logi yake inaandika kila baada ya milisekunde 0.6 hivi, lakini volti inapimwa taratibu zaidi na kulainishwa kabla ya kuandikwa. Mstari wa volti unachelewa. Ukiuona umeshuka baada ya mizunguko, haina maana kwamba kweli ulishuka baada. Pima kwa kubadilisha pakiti: betri mpya, mota zilezile, mbizi zilezile.

Na mbona mmeruka tukio la pili? Mizunguko imepanda na kona imezama. Ile si disinki wala betri, propela imeteleza.

#43 Skrubu_M3
Nati za alumini hizo. Plastiki ya ndani inaisha baada ya kufungua na kufunga mara chache, unakaza mpaka mkono unauma na bado haishiki. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati kupita juu ya kitovu cha propela mpaka kwenye kofia ya mota. Ruka pakiti moja. Mstari ukivunjika umepata jibu. Angalia pia chini ya propela, kama plastiki imeng'aa na kulainika kwa duara ilikuwa inateleza.

#44 Propela_Tatu
Mstari wa rangi kesho. Nati za M5 za namna hiyo Dar napata wapi bila kuagiza?

#45 Skrubu_M3
Duka la bolti na nati, Kariakoo hukosi. Omba M5 ya jino 0.8 yenye plastiki ndani, ya chuma. Inaongeza gramu moja hivi kwa kona, vumilia. Usichukue pana ikakalia panga, na ukikaza shika kofia ya mota, si propela.

#46 Mzee_wa_Volti
Nati haikwamishi mota mkuu. Tukio la kwanza bado ni langu.

#47 BintiLipo
Mwenye pakiti mpya ya 6S hapo Dar amwazime jamaa kwa jioni moja tu, huyu mzee anyamaze.